Mkono Uliojaa Maji

Jumapili, 3 Februari 1957

Nimepima baada ya misa, kama kila Jumapili. Kulia inchi kumi na nusu. Kushoto kumi na nne. Wiki iliyopita ulikuwa kumi na tatu na nusu. Ni joto hili, na ni ndoo mbili nilizobeba Alhamisi kwa ukaidi wangu. Nimelala chali saa nzima, mkono juu ya mito miwili, kama nilivyofundishwa. Haukupungua hata uzi.

Kanisani Mama Odilo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, amesogea tena. Watu wamesimama mpaka mlangoni, lakini kwenye benchi kushoto kwangu pamebaki nafasi ya mtu mzima na mtoto wake. Padre alipotutakia amani, moyoni nilikuwa sina amani na mtu yeyote.

Jumanne, 5 Februari

Nimeshona magauni mawili ya watoto wa komunio. Kazi imekwenda polepole. Mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa kwenye cherehani, nao siku hizi unakwenda kama mzee aliyeamshwa usingizini.

Nimejikatia gauni jipya. Mkono wa kulia wa kawaida, wa kushoto mpana kama wa kasisi. Fundi anayevaa gauni la mikono miwili tofauti. Wateja wanaangalia, kisha wanaangalia pembeni. Wawili wamehamisha vitambaa vyao tangu Krismasi. Mmoja alisema safari. Nimemwona jana sokoni akichagua pilipili.

Wanadhani ni matende, na kuna wanaodhani nimetupiwa kitu. Ni kosa langu, ninajua. Mwaka jana, mwezi wa pili, walipouliza kwa nini nimelazwa, nilisema jipu la kwapa. Nikaapa na kuapa. Hata dada Skola, tumbo moja, nilimwambia jipu. Hata Filomena, mwanangu wa pekee.

Ninaandika hapa mara moja, kisha basi. Lilikuwa titi. Lilikuwa na kitu kigumu kama kokwa la ubuyu, nikakaa nalo miezi minane. Wamelikata lote, na tezi za kwapani. Ndani ya sidiria naweka kifuko cha sufi nilichokishona mwenyewe. Kimekaa vizuri. Mimi ni fundi.

Jumamosi, 9 Februari

Barua ya Filomena kutoka Mkula. Ana mimba ya miezi saba. Anakuja mwisho wa mwezi na lori, kabla masika hayajafunga barabara, azalie kwangu. Mzazi wa kwanza huzalia kwa mama yake, akandwe na mama yake. Mimi nilikandwa na mama yangu siku arobaini kwa maji yaliyonitoa machozi, na mpaka leo mgongo wangu hauna kasoro.

Nimeisoma barua mara nne. Nimecheka peke yangu nyumbani humu. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumatano, 13 Februari

Nimetafuta chungu kikubwa cha maji. Nimekata nepi kumi na nane. Nimeshona vikofia vitatu, kimoja kimekuwa kidogo mno, labda kwa mwanasesere. Nimepaka chokaa chumba cha nyuma kwa mkono wa kulia. Sehemu za juu sikufika, zimebaki kama zilivyo. Atajua hali yangu akiziona, basi na ajue.

Alhamisi, 21 Februari

Lori limekuja. Filomena hayumo.

Dereva amenipa barua ya mkwe wangu Kaspari. Mwandiko mzuri, maneno mabaya. Ananiamkia shikamoo mara mbili. Halafu anasema mama yake ameona ni heri Filomena azalie huko huko Mkula. Mama ameusikia ule mkono wangu kwa watu. Mama anauliza mkono ule una nini hasa. Mama anasema mkono usiojulikana una nini haumkandi mzazi wala haumwogeshi mtoto mchanga. Nisichukie. Mkono ukipona nije wakati wowote, nyumba ni yangu.

Nyumba ni yangu.

Nimekunja nepi zote kumi na nane nikazirudisha sandukuni.

Ijumaa, 22 Februari

Sijala. Nimemchukia Mama Kaspari siku nzima kwa bidii, kama kazi ya kulipwa. Kwenye arusi nilimshonea gauni lenye mikunjo ishirini kiunoni. Leo angekuwa mbele yangu ningeifumua.

Kibaya zaidi, kauliza swali la haki. Mkono una nini hasa? Ningekuwa mimi ningeuliza.

Jumapili, 24 Februari

Kushoto kumi na nne na robo.

Nimemwandikia Kaspari. Nimesema ni jipu la zamani, linakaribia kupona, mama asihofu. Ukurasa mzima wa uongo, kwa kalamu nzuri. Nilianza sentensi ya kweli, ikafika "mwaka jana walinikata", nikachana karatasi. Mama Kaspari ana mdomo. Angejua yeye, ingejua barabara yote kuanzia Mkula mpaka Kidatu. Wanawake wangenitazama kifuani ninapopita. Mkono waseme. Kifua hapana.

Jumatano ya Majivu, 6 Machi

Nimekwenda hospitali baada ya majivu. Sista aliyeniuguza mwaka jana bado yupo, yule mrefu anayesema Kiswahili cha kitabuni. Nimemwambia ninataka mkono upungue kabla ya mwezi wa nne. Amenieleza tena. Waliondoa tezi, maji ya mwili yamekosa njia ya kurudi. Si matende. Hauambukizi mtu. Lakini hauponi. Ni kuufunga bendeji, kuuinua, kuutunza. Usichomwe na mwiba, usiungue, usikatwe. Amerudia usikatwe, kidole juu kama mwalimu.

Nimeuliza kama naweza kukanda mzazi. Amesema maji ya moto yale ni mabaya kwa mkono huo. Nitumie wa kulia.

Kukanda kwa mkono mmoja. Mtawa huyo hajawahi kukandwa.

Jumapili, 10 Machi

Dada Skola amekuja kutoka Namawala na kuku, na mchele mpya wa jirani yake aliyewahi kuvuna. Nimemwonyesha barua ya Kaspari. Ameikunja akanirudishia. Kisha ameukamata mkono wangu, ameubonyeza, kidole kimeacha shimo.

"Mdogo wangu, hii damu mbaya imesimama. Haina pa kutokea. Mbona hujapigwa chuku?"

Kuna mzee huko kwao, anachanja na kufyonza damu kwa pembe ya ng'ombe. Alimponya shemeji yetu goti lililokuwa kama papai. Nimesema hospitali wamekataza kukata. Akasema hospitali ndio walionikata hilo jipu, na tangu hapo mkono umevimba, sasa nani wa kusikilizwa?

Ningemwambia kweli angejua cha kujibu. Sikumwambia. Kwa hiyo amejibu kadiri alivyojua, na kwa alivyojua ana akili.

Jumatano, 13 Machi

Mvua imeanza. Mto Lumemo bado unavukika. Watu wanasema wiki mbili, tatu, kisha hakuna kwenda.

Nimefikiri kutwa. Mkono ukishuka, nikafunga bendeji, nikavaa gauni la kawaida, nikatokea Mkula kwa miguu yangu, Mama Kaspari atasema nini? Atasema karibu. Sina haja ya kupona. Nina haja ya siku arobaini tu. Baada ya hapo uvimbe mkono wote ukitaka.

Jumamosi, 16 Machi

Namawala. Nimefanya.

Mzee ni mpole, ana kikohozi. Alinawa mikono. Chale nne juu ya kiwiko, tatu chini, wembe mpya, niliuona akiufungua. Aliweka pembe, akavuta hewa kwa mdomo, akaziba tundu kwa nta. Damu ilikuwa kidogo. Maji ndiyo yaliyotoka mengi, meupe, yakachuruzika mpaka kwenye beseni. Dada Skola akasema unaona, unaona. Nikaona.

Tangu Kwaresima ianze nimemwomba Mungu anitoe kiburi. Leo sikuomba kitu.

Jumatatu, 18 Machi

Kumi na mbili na nusu!

Nimepima mara tatu. Nimebadilisha futi, nikapima kwa uzi, nikapima uzi kwa rula. Kumi na mbili na nusu. Nimevaa gauni la zamani la kijani, mkono umeingia. Umebana, lakini umeingia. Nimetembea mpaka sokoni bila shida yoyote ya kwenda sokoni.

Alhamisi nitaondoka na wanawake wanaokwenda Mang'ula kwa miguu. Kutoka pale Mkula si mbali. Nimefunga nepi, vikofia, mafuta, na majani ya mpera ya kuchemshia maji ya mzazi.

Jumanne, 19 Machi

Mkono unawasha. Chale mbili za chini hazijafunga, bado zinatoa maji. Ni kawaida, nadhani. Nimezipaka mafuta ya taa.

Jumatano, 20 Machi

Ngozi imekaza, inang'aa. Moto. Siwezi kukunja vidole. Nimetetemeka mchana kweupe, jua kali, nimejifunika blanketi.

Kesho nitaondoka tu.

Alhamisi, 21 Machi

Wamenipitia alfajiri. Nimeinuka, nimeanguka. Wamekwenda. Mama Odilo ameingia bila kubisha.

Jumatano, 3 Aprili

Hospitali. Leo ndiyo kwanza nimepewa daftari langu.

Sijui siku ngapi hasa nilikuwa sijijui. Mama Odilo alikwenda kuita machela. Nimechomwa sindano za penisilini mpaka matako yamekuwa magumu kama ubao. Mkono ulipasuka kwenye chale mbili ukatoa usaha. Haukukatwa. Walilizungumzia hilo miguuni pangu, wakidhani sisikii. Nilisikia.

Sista alitazama zile chale saba. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Mama, nani alikuwa na haraka hivi?"

Mkono ni inchi kumi na saba.

Jumapili ya Matawi, 14 Aprili

Maandamano yamepita chini ya dirisha. Nimepewa tawi la mnazi nilishike kitandani. Nimelishika kwa kulia. Kwenye kitanda cha kushoto kuna bibi wa Kipogoro, hasikii. Kitanda cha kulia kitupu. Skola amekuja mara moja, amelia sana, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze. Hajarudi. Maji yamefunga njia ya Namawala.

Mvua kila siku. Hakuna anayetoka Mkula, hakuna anayekwenda. Hesabu zangu ni kwamba siku za Filomena zimefika. Labda amekwisha kuzaa. Labda yuko katika uchungu sasa hivi ninapoandika neno hili. Ninasikiliza. Mtu husikiliza nini kwa umbali wa siku mbili?

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Katekista wa upande wa Mkula amefika kwa miguu, matope mpaka mapajani, kuja kusali Pasaka hapa. Ameniulizia nyumbani, akaelekezwa hapa. Amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Msichana. Tarehe tisa. Mzima. Filomena mzima. Alipata uchungu siku mbili. Mama Kaspari ndiye aliyemzalisha, na ndiye anayemkanda, asubuhi na jioni. Wamempa mtoto jina la Mama Kaspari, Apolonia, mpaka ubatizo.

Nimemshukuru. Nimesema habari njema hizo. Alipoondoka nimegeukia ukuta nikalia kama mtoto, mchana, wauguzi wakipita. Ni wivu. Niseme neno lenyewe. Nimemwonea wivu mwanamke anayemkanda mwanangu vizuri.

Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili

Katekista anarudi kesho. Nimemwandikia Mama Kaspari mwenyewe. Si Kaspari, si Filomena. Yeye ndiye aliyeuliza, yeye ndiye ajibiwe. Ninainakili hapa, isije ikasemwa niliandika vingine.

"Mama Kaspari, asante kwa kumkanda mwanangu. Uliuliza mkono wangu una nini. Niliandika uongo. Mwaka jana nilikatwa titi la kushoto kwa sababu ya ugonjwa mbaya uliokuwa ndani yake. Pamoja na titi walitoa njia za maji za kwapani. Ndiyo maana mkono unajaa. Hauambukizi, wala hautapona. Mwezi wa tatu niliupigisha chuku ili nikudanganye, na karibu nife. Ulikuwa na haki ya kuuliza. Sikuwa na haki ya kuficha. Ukitaka kumwambia mtu, mwambie. Mimi mama yake Filomena."

Nimeibandika kwa ugali. Nimempa. Mwili ulikuwa mwepesi kwa muda wa saa moja hivi.

Jumanne, 23 Aprili

Nimeamka na neno moja kichwani, nikakaa wima kitandani.

Mama Kaspari hajui kusoma.

Ninajua hilo. Nimelijua tangu posa, alipoweka kidole gumba. Kaspari wakati huu yuko kwenye mashamba ya mpunga, analala kwenye dungu kulinda ndege mpaka mavuno. Nani atamsomea mama mkwe wake barua, ndani ya nyumba ile, kando ya ule moto wa maji ya kukandia?

Nimetuma muuguzi mbio kwa katekista. Amekwisha kuondoka.

Alhamisi, 2 Mei

Nimerudi nyumbani. Mkono inchi kumi na tano na robo, bendeji kutoka vidoleni mpaka kwapani. Chumba cha nyuma kimeota ukungu mpaka pale chokaa yangu ilipofika. Panya wamekula kikofia kimoja.

Hakuna barua.

Jumapili, 12 Mei

Hakuna barua. Lumemo umefurika mpaka kwenye migomba. Kanisani nimekaa benchi la mwisho, ili kusiwe na mtu wa kunihama.

Ninamwona Filomena akisoma. Ana tabia ya kusoma kwa sauti, neno kwa neno, tangu shule, kidole kikifuata mstari. Amefika kwenye "nilikatwa". Amesimama. Mama Kaspari amesema, endelea. Nimeiona mara mia. Kila mara haongezi neno, anaendelea kusoma.

Jumapili, 19 Mei

Hakuna.

Mpunga wangu wamevuna ndege zaidi kuliko mimi. Nimekwenda kuutazama. Nimesimama katikati ya shamba, nikapiga kelele kuwafukuza, wakaruka, wakatua palepale nyuma yangu. Hata ndege.

Jumamosi, 1 Juni

Lori la kwanza tangu masika. Nilikwenda kulingoja kama mpumbavu. Chumvi, mapipa, wanaume wawili wa Kilosa.

Sasa nimeelewa. Ndivyo watakavyonijibu.

Jumamosi, 8 Juni

Wamekuja.

Sikwenda kungoja lori leo. Nilikuwa nimeinamia cherehani, nikasikia hodi ya sauti nzito, nikasema karibu bila kuinua kichwa. Mama Kaspari, kapu kichwani. Nyuma yake Filomena na mtoto mgongoni. Filomena amesema shikamoo mama, nikasema marahaba, basi. Hakuongeza. Macho yake hayakutua kwangu. Yametua kwenye mashine, kwenye ukuta, kwenye kifua changu mara moja, yakaondoka.

Nimepika. Mama Kaspari amesema habari za njia, za maji, za kuku. Filomena amenyonyesha akitazama nje. Hajanipa mtoto. Sijaomba.

Walipolala mchana nimesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, nikatazama. Mtoto ana miezi miwili. Nywele zake ndefu, zimesokotana, zina mafuta ya siku nyingi. Mtoto mzuri namna ile, nywele chafu. Nikasema moyoni, kumbe huyu mama mkwe si hodari kama alivyosifiwa.

Jumapili ya Pentekoste, 9 Juni

Niandike kwa mpango.

Baada ya misa Mama Kaspari ameweka mkeka uani. Ameleta beseni la maji na wembe umefungwa kwenye kitambaa. Amemchukua mtoto kwa Filomena, akaja kwangu, akasimama mbele yangu.

"Hizi nywele za tumboni," akasema. "Kwetu anayenyoa ni bibi mzaa mama. Ulipoumwa tukangoja. Watu wamenisema mchafu kote Mkula. Nyoa sasa, nimechoka kusemwa."

Nimesema kitu cha kijinga, kwamba mkono wangu haufai. Akasema mkono wa kunyolea ni wa kulia, wa kushoto kazi yake kushika kichwa, na kile kichwa si kizito. Akamlaza.

Kichwa cha mtoto kimekaa kwenye kiganja changu cha kushoto, juu ya bendeji. Ni kweli si kizito. Kina joto. Nimenyoa. Nilianzia utosini nikishuka, polepole, kama ninavyofumua mshono kwenye hariri. Sikumkata hata mahali pamoja. Alilia mwanzo, kisha akaacha, akanitazama. Hakuna aliyenitazama hivyo muda mrefu, bila kutafuta kitu.

Nilipomaliza, Mama Kaspari amekusanya nywele kwenye jani, akaenda kuzifukia nyuma ya nyumba. Amekaa huko muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Ndipo Filomena aliposema.

"Ulimwandikia yeye. Mimi nikamsomea."

Nimesema ndiyo.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Nilikuwa na majibu mengi, nilikuwa nimeyapanga tangu mwezi wa nne. Nimesema niliona haya. Akauliza haya kwa nani, mimi nimenyonya hapo. Kisha akasema nifungue.

Nimefungua vifungo. Nimetoa kile kifuko cha sufi nikakiweka mkekani. Amelitazama kovu lote, kutoka kifuani mpaka kwapani. Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Ameweka kiganja juu yake, akaacha palepale.

"Siku ile ulikuwa na nani?"

Sikuelewa.

"Siku walipokukata, mama. Alikuwapo nani?"

Nimesema hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo alipolia.

Jumanne, 11 Juni

Filomena ameninyoosha mkono kwa mafuta, kutoka vidoleni kwenda begani, vile Sista alivyomwonyesha jana. Anabonyeza sana. Nimemwambia polepole, akasema nyamaza. Ana mikono ya bibi yake, mama yangu.

Mama Kaspari ameukagua mkono mbele na nyuma kama anayenunua mbuzi. Anasema ni mkubwa lakini aliusikia mkubwa zaidi.

Jumatano, 12 Juni

Wameondoka na lori la asubuhi. Mpunga wao unangoja, hawangeweza kukaa. Mama Kaspari amebeba nepi kumi na nane. Filomena amesema nije mwezi wa nane, barabara itakuwa kavu. Amesema mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe wake ametikisa kichwa kukubali, akitafuta pa kukalia juu ya magunia.

Siku arobaini hazirudi. Mwanangu amekandwa na mikono mingine, na mgongo wake hauna kasoro, nimeukagua. Inaniuma. Itaendelea kuniuma, nadhani, hata nikienda Mkula mara kumi.

Ijumaa, 14 Juni

Nyumba kimya. Nimeshona pindo moja, nikaacha.

Saa nne Mama Odilo amepita kwenda kuanika mpunga, ungo kichwani. Ameuliza mkono unaendeleaje, kama anavyouliza kila siku, huku miguu imekwisha kuanza kwenda. Nimemwambia. Nimeanza na lile kokwa, nikamweleza yote, palepale mlangoni, jua linatuchoma. Alitua ungo chini. Hakusema pole wala maskini. Alisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

Kisha akasema ana kiu. Nimemletea maji ya mtungini kwenye kikombe changu. Amekunywa yote, amenirudishia, amejitwika ungo wake akaenda kuanika mpunga.